Bring Up the Bodies: Katikati Ndiko Kunakouma

Kitabu cha pili katika mfululizo wa vitatu huwa na kazi ngumu. Cha kwanza kimeshachukua utamu wa kututambulisha watu, cha tatu kimetunziwa mwisho. Cha kati kinabaki daraja: watu wanapita tu. Hilary Mantel aliikataa kazi hiyo ya daraja. Bring Up the Bodies, kinachofuata Wolf Hall na kutangulia The Mirror & the Light, kilimpa Tuzo ya Booker mwaka 2012, miaka mitatu baada ya kuipata kwa kitabu cha kwanza.

Hadithi yenyewe haichukui hata mwaka mzima. Mfalme Henry VIII wa Uingereza amemchoka Anne Boleyn, mke ambaye kwa ajili yake alijitenga na Kanisa la Roma. Thomas Cromwell, mtoto wa mhunzi aliyepanda hadi kuwa katibu wa mfalme, anapewa kazi ya kumwondoa. Mwisho tunaujua: Anne alikatwa kichwa tarehe 19 Mei 1536. Sasa mbona kitabu hakiwekeki chini? Kwa sababu tunataka kuona mtu tuliyempenda atafika umbali gani.

Maana Cromwell tulimpenda kweli. Katika Wolf Hall alifiwa na mke na mabinti wawili, na bado akabaki mwaminifu kwa bwana wake, Kardinali Wolsey, hata alipoanguka. Wolsey alipokufa, mabwana wa ikulu walicheza mchezo wa kumdhihaki, mashetani wanne wakimburuta motoni. Cromwell alitazama, akanyamaza. Mkono usioweza kuukata, ubusu.

Kitabu hiki ndicho siku ya kisu. Kinafunguka na ndege wa kuwindia aliowapa majina ya mabinti zake marehemu, wakishuka na damu makuchani. Kisha wale wanne wa mchezo, Norris, Weston, Brereton na George Boleyn, wanashtakiwa eti walizini na malkia. Ushahidi ni wa kuokoteza. Mwanamuziki Mark Smeaton anafungiwa usiku katika chumba cha giza chenye mapambo ya Krismasi. Hapigwi hata kofi, lakini majina anayataja.

Kinachotisha ni kwamba msomaji anashangilia. Tulitaka walipe, na wanalipa, ila kwa kosa ambalo huenda hawakulitenda. Hata jina la kitabu ni agizo la kuwatoa washtakiwa gerezani waje kusomewa kesi: hukumu bado, wao tayari ni miili.

Lawama yangu ni moja. Anne tunamwona kwa macho ya Cromwell tu, na macho hayo yana kazi ya kumaliza. Ningependa walau dakika moja ya kumsikia yeye mwenyewe.

Anza na Wolf Hall. Hiki utakielewa hata peke yake, lakini usipompenda Cromwell kwanza, hakitakuuma.