Hesabu ya Gesi Inayotoka Mwambani

Ziwa Balangida limelala wilayani Hanang, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Juu ya ukuta kuna nyanda za Mbulu. Upande wa pili umesimama Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Makaa ya mawe utayakuta kusini mwa Tanzania, Ngaka na Kiwira. Balangida kinachotafutwa ni heliamu. Lakini kote huko wanaokokotoa mienendo ya gesi hujiuliza swali lilelile: mwamba unaiachiaje gesi yake?

Makaa hushikilia methani kwa mgandamizo, ikiwa imenata kwenye kuta za vitundu vidogo mno. Maji yakivutwa, mgandamizo hushuka, gesi hubanduka, hupenya polepole hadi kwenye nyufa, kisha hutiririka kisimani. Mlinganyo wa Irving Langmuir wa mwaka 1918 bado hutumika kukadiria kiasi kinachonata na kinachoachiwa.

Mwamba wa kale wa Tanzania, uliopita umri wa miaka bilioni 2.5, haushikilii hivyo. Ndani yake urani na thori huoza, na kila chembe ya alfa inayotoka huishia kuwa heliamu. Heliamu hiyo hukaa imefungwa ndani ya madini mpaka joto liifungue: kwa apatiti nyuzi 70 hivi za Selsiasi zinatosha, zirikoni hudai zaidi. Joto hilo huja na Bonde la Ufa na volkano zake. Volkano ikiwa mbali mno, gesi haitoki. Ikiwa karibu mno, hewa ukaa yake huimeza heliamu.

Kupatafuta mahali pa katikati ndiyo kazi ninayoisifu. Mkokotoaji huandika kila alichokikisia: umri wa mwamba, joto, ukubwa wa punje, upana wa nyufa. Hugeuza kimoja baada ya kingine aone jibu linayumba wapi. Kisha huipeleka hesabu yake mbele ya chemchemi inayotoa mapovu ya gesi.

Pale, faneli hufunikwa juu ya mapovu, na gesi hupitishwa kwenye bomba la shaba mpaka hewa ya kawaida iishe. Ndipo bomba hubanwa ncha zote mbili hadi shaba ishikane, kwa kuwa heliamu hupenya hata kioo. Maabara hulinganisha heliamu-3 na heliamu-4, ijulikane gesi imetoka kwenye gamba la dunia au chini zaidi. Vipimo vikikataa, mkokotoaji hurudi kwenye makisio yake, chemchemi haibembelezwi.

Uadilifu huo una thamani kwa wafugaji wa Kibarbaig na wakulima wa Kiiraqw, ambao ardhi yao huzungumzwa kabla hata kisima hakijachimbwa. Anayewaletea tarakimu moja kubwa amewaletea tumaini tupu. Mkokotoaji wa kweli huwaambia kiwango cha chini, kiwango cha juu, na kipimo kitakachoonyesha kama amekosea.