Mabamba ya Kioo: Kuushinda Ukungu wa Miaka

Bamba kavu la kioo lina tabaka la jelatini lenye bromidi ya fedha, njia ambayo Mwingereza Richard Leach Maddox aliieleza mwaka 1871. Maboksi ya mabamba ya zamani ambayo hayakutumika bado hutoa picha. Tatizo ni ukungu: kadiri miaka inavyopita, chembe nyingi zaidi za bromidi huitikia dawa ya kusafishia hata kama hazijaguswa na mwanga.

Mabamba ya zamani zaidi huona rangi ya buluu na zambarau tu, hivyo hupakiwa kwenye kaseti ya kamera chini ya taa nyekundu hafifu; yale ya pankromatiki, yanayoona rangi zote, yanadai giza totoro. Upande wa jelatini haung'ai, na kidole chenye unyevu kikigusa pembe, hunata kidogo. Upande huo ndio utazame lenzi, la sivyo picha itageuka kushoto kulia na kupoteza ukali.

Kasi iliyoandikwa kwenye boksi haiaminiki tena. Bamba la kwanza la boksi ni la kupimia, na kulibana kwa ajili ya picha nzuri ni ubahili unaogharimu yaliyobaki. Hupigwa sekunde 1 likiwa wazi lote, kifuniko cha kaseti kikasukumwa ndani robo, ikaongezwa sekunde 1, kisha 2, kisha 4, kikisukumwa robo nyingine kila mara. Hapo hupatikana mistari ya sekunde 1, 2, 4 na 8. Kati ya mistari inayofaa, uchaguliwe wenye mwanga mwingi, kwa kuwa vivuli dhaifu ndivyo humezwa na ukungu kwanza.

Dawa ya kusafishia huwa kali, ya muda mfupi, yenye nyuzi 18 hadi 20, na huongezwa benzotriazoli au bromidi ya potasiamu ili kuuchelewesha ukungu. Ikizidi joto, jelatini iliyozeeka huchubuka kingoni. Kipimo bora kipo kwenye bamba lenyewe: ukingo uliofunikwa na kaseti haukupata mwanga, kwa hiyo ukianza kuwa kijivu, huo ni ukungu mtupu, na bamba litolewe mara moja.

Kisha bamba huachwa kwenye dawa ya kukazia picha (hypo) hadi weupe wa maziwa uishe, kisha muda uleule tena. Baada ya kuoshwa kwa maji yanayotiririka polepole, bamba hukaushwa limesimama pasipo vumbi. Ukungu uliosalia, ukiwa umeenea sawasawa, hurefusha tu muda wa kuchapa.