Vishindo 20 kwa sekunde: metali ya Duma isiyo na mpiga ngoma

Ukimwambia shabiki wa metali kwamba kuna kundi la Nairobi linalopiga graindikoo, ile metali ya mbio kupita zote, kwanza atakuuliza mpiga ngoma ni nani. Duma hawana. Albamu yao iliyobeba jina la kundi ilitoka Agosti 2020 kwa lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na imeundwa na watu wawili: Martin Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, kwenye sauti, na Sam Karugu kwenye gitaa na utayarishaji. Wote walipitia makundi ya metali ya Nairobi, Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura. Mwaka 2019 walihamia kwa miezi kadhaa katika studio ya Nyege Nyege mjini Kampala. Karugu akaliweka chini gitaa la besi, akashika gitaa la kawaida na kompyuta. Uamuzi huo mmoja ndio unaoeleza karibu kila kitu kinachosikika humo.

Tuanze na ngoma. Mpigo mkuu wa metali kali huitwa blasti: ngoma ndogo na ngoma ya mguu zinapokezana bila nafasi, na tasa linagonga juu yake. Piga hesabu. Ukiwa na mapigo 240 kwa dakika, na kila pigo limegawanywa mara nne, unapata vishindo 16 kwa sekunde. Panda hadi 300, unafika 20. Hapo karibu na 20 sikio linaanza kushindwa kutenganisha kishindo na kishindo, na mfululizo unaanza kusikika kama mvumo mmoja mzito. Mpiga ngoma hodari hulikaribia eneo hilo kwa muda mfupi, kisha mkono unachoka, na vishindo vinapungua nguvu kimoja baada ya kingine. Mashine haichoki. Inaweza kukaa kwenye mpaka huo dakika nzima, ikavuka, ikarudi.

Duma wanafanya kazi yao hasa kwenye mpaka huo. Sikiliza "Lionsblood": ngoma iko mbele ya kila kitu, na unaposhikilia mdundo, wenyewe unateleza. Mashabiki wa Ulaya walikimbilia kuutafutia ukoo huko Norway. Mimi nautafuta Dar es Salaam. Lebo hiyohiyo ya Nyege Nyege ilikuwa imeshatoa Sounds of Sisso mwaka 2017, mkusanyiko wa singeli kutoka studio ya Sisso, na singeli hukimbia kati ya mapigo 200 na 300 kwa dakika kwa kompyuta na programu tu. Afrika Mashariki ilikuwa tayari na vijana wanaocheza kwa mwendo huo harusini na mitaani. Kilichokosekana ni mtu wa kuuvika giza.

Linganisha na Transilvanian Hunger ya Darkthrone wa Norway, ya mwaka 1994. Fenriz wa kundi hilo alipiga vyombo vyote peke yake, akarekodi nyumbani kwa mashine ndogo ya kaseti yenye njia nne za sauti sambamba. Kule pia blasti haikatiki, lakini kwa uhafifu wa mitambo ngoma inazama na kuwa ukungu, na sikio linakwenda kwenye gitaa, ambalo ndilo lenye wimbo. Kwa Duma mambo yamegeuzwa. Ngoma ndiyo yenye habari, gitaa ndilo ukungu.

Na hapa msikilizaji wa Lualaba ana haki ya kununa kidogo. Gitaa letu lina shule yake. Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya, alirekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mjini Jadotville, yaani Likasi ya leo, mwaka 1952, akipiga "Masanga" kwa dole gumba na kidole cha shahada tu. Gumba linatembea kwenye besi, shahada inajibu juu, na kila noti unaiona ilipotua. Gitaa la metali haliwezi kufanya hivyo. Ukiikuza sauti mpaka vilele vyake vikatike, zinazaliwa sauti nyingine juu yake zisizokuwepo. Noti nne zikipigwa pamoja zinakuwa tope, ndiyo maana wapigaji wengi hubaki na nyuzi mbili. Entombed wa Stockholm walijenga Left Hand Path, mwaka 1990, juu ya kisanduku cha kukwaruza sauti cha HM-2 chenye vitufe vyote vimezungushwa hadi mwisho, lakini bado walikuwa na rifu, ule mstari wa gitaa unaojirudia, ambao unaweza kuuimba ukiwa njiani kwenda kazini. Rifu za namna hiyo kwa Karugu ni chache. Gitaa lake limesagwa mpaka limekuwa mchanga, na mpenzi wa deth metali ya kawaida atamaliza albamu nzima akiwa na njaa. Nadhani ana haki. Huo ni upungufu, hata kama ulikusudiwa.

Kinachoiokoa kazi ni koo. Mngurumo wa metali hautoki kwenye nyuzi za sauti peke yake. Hutikiswa pia mikunjo iliyo juu yake, na pumzi inasukumwa kutoka tumboni. Sauti inapoteza noti, inabaki na umbo la mdomo. Khanja anabadilisha umbo hilo haraka: anashuka chini kama mlango mzito unaoburutwa, anapanda kwenye ukelele mkali, na mwangwi unamtanguliza na kumrudisha nyuma. Katika muziki ambao kila kishindo kinalingana na mwenzake, yeye ndiye pekee anayesikika akiishiwa pumzi. Ule mwili tunaoutafuta kwa mpiga ngoma, jasho na mkono unaotetemeka, umehamia kooni mwake.

Kuna watakaosema muziki huu ni wetu sisi watu wa Lualaba, maana tunaishi na mashimo ya shaba, malori na baruti. Sikubali. Baruti ya mgodini ni kishindo kimoja, halafu vumbi, halafu kimya kirefu. Duma hawakupi kimya hicho, na ndiyo sababu dakika kumi zao zinachosha kuliko zamu ya usiku.

Mwaka 2024 Khanja alitoa albamu ya The Adept bila Karugu, kwa lebo yake HAEKALU, akamkumbuka bibi wa ukoo wake, Muthoni wa Kirima, jemadari wa Mau Mau. Safari hii watayarishaji ni wengi, na midundo inabadilika kutoka wimbo hadi wimbo. Nafasi za kupumua ni nyingi zaidi, na kwa hiyo koo linafanya kazi nyepesi. Mimi bado naishika ile ya 2020, lakini si kwa spika ya simu: kule chini kote, ambako ngoma ya mguu imechukua kiti cha besi, simu haifiki, na kinachobaki ni mluzi na kelele. Tafuta spika kubwa, ile ya baa, saa ambayo mwenye baa hayupo.