Rangi Mpya Juu ya Plau Kuukuu

Barazani kwangu hapa Sinza pana plau moja linalong'aa. Wageni hulisifu hata kabla ya kukaribishwa kiti, na kila wanapolisifu mimi huona haya.

Plau hilo la kukokotwa na ng'ombe nililirithi kwa marehemu baba, aliyelima nalo pamba huko Shinyanga. Lilipofika mjini juu ya lori lilikuwa limejaa kutu. Nikalipeleka kwa fundi wa kuchomelea, nikamwambia, "Fundi, nataka lionekane jipya." Akanijibu, "Hilo dogo, mzee." Akalisaga kwa mashine, akaziba mashimo, akalipaka rangi nyekundu. Nikamlipa na kumshukuru.

Miezi michache baadaye alikuja mjomba kutoka nyumbani. Aliinama, akapapasa chuma nyuma ya bamba linalopindua udongo, akauliza, "Mwanangu, zile herufi ziko wapi?" Ndipo nilipojua kwamba pale palikuwa na maandishi yaliyochomoza. Yangetuambia kama plau lile lilitoka Uingereza, au lilitengenezwa jirani yetu Ubungo, katika kiwanda cha zana za kilimo, UFI, kilichojengwa kwa msaada wa China. Sasa hakuna wa kutuambia.

Fundi simlaumu, alifanya alichoagizwa. Ninachokilaumu ni kile tunachokiona kizuri. Tunadhani kukarabati kitu cha kale ni kukifutia uzee wake. Kumbe kitu cha kale hutambuliwa kwa alama zake, na mara nyingi alama zenyewe ndizo tunazoziona uchafu.

Tazama Mpango wa Karanga, ambao Waingereza waliuanza Kongwa mwaka 1947 na kuuacha mwaka 1951. Miongoni mwa mitambo yake lilikuwamo trekta lililoitwa Shervick, ambalo kampuni ya Vickers ililiunda kutokana na vifaru vya Sherman vya Vita Kuu ya Pili. Asili yake husomeka katika magurudumu na minyororo ya kifaru. Mtu akiving'oa na kufunga vingine vizuri zaidi, atabaki na trekta zuri, lakini habari ya silaha iliyogeuzwa chombo cha kulimia itakuwa imekwisha.

Sisemi kutu iachwe ikile chuma. Iondolewe taratibu, kwa brashi ya waya na mafuta ya taa. Lakini kwanza piga picha. Pitisha chaki juu ya herufi na namba ili zisomeke, kisha ziandike daftarini. Ulimi wa plau huliwa na udongo, nao uliundwa ili ubadilishwe. Basi ubadilishe, ila ule wa zamani uutunze. Na kiraka cha mhunzi wa kijijini usikionee aibu. Kinashuhudia kwamba mvua zilikaribia, duka la vipuri lilikuwa mbali, na familia ilihitaji kula.

Wahenga husema jembe halimtupi mkulima. Plau hili halikumtupa baba. Lilitusomesha sisi wanawe. Mimi ndiye niliyelitupa, tena kwa kulipamba, na kwa fedha yangu mwenyewe.