Kimya cha Agatha Christie
Usiku wa tarehe 3 Desemba, 1926, Agatha Christie alitoka kwake Sunningdale, Uingereza. Asubuhi gari lake lilikutwa limeachwa Newlands Corner, ndani mna koti la manyoya na leseni. Tarehe 14 akapatikana hotelini Harrogate, amejiandikisha kwa ukoo wa mwanamke aliyependwa na mumewe. Tawasifu yake, iliyotoka 1977 naye amekwisha kufariki, haineni lolote juu ya siku hizo. Wako wanaokilaumu kimya hicho. Mimi, kwa heshima yao, naona ni haki yake. Riwaya ya upelelezi humwahidi msomaji jawabu, tawasifu haimwahidi. Lakini mumewe alidai kwamba mkewe alipotewa na kumbukumbu: mbona basi aliukumbuka ukoo ule?