Moto Mmoja, Chapati na Kabalagala

Mashine ndogo ya wafo humwondolea mpishi maswali mawili. Unene umeshaamuliwa na kiwanda kilichochonga vibao vyake, na wakati wa kuiva hutangazwa na taa. Mpishi humimina, hufunika, husubiri. Mjini Kasese, na zaidi ukishika barabara inayokata magharibi pale Kikorongo kuelekea Bwera, kifungua kinywa cha chumvi na cha sukari hupikwa kando ya njia na mtu asiye na kibao wala taa. Unene na wakati anaviamua mwenyewe, huku madereva wa bodaboda wakimhimiza.

Kazi huanza kabla wateja hawajafika. Unga wa ngano, chumvi, mafuta kidogo na maji ya uvuguvugu hukandwa mpaka uache kung'ang'ania vidole, kisha hukatwa madonge na kufunikwa. Mpita njia hudhani madonge yale yanasubiri mteja, kumbe yanapumzika. Unapokanda, protini za ngano hushikana zikawa nyuzi zinazovutika, na nyuzi zilizotoka kukandwa huwa zimekaza. Donge lisilopumzika ukilisukuma hurudi nyuma, ukilisukuma tena hurudi tena. Muuza chapati mzoefu hashindani nalo. Hulirudisha chini ya kitambaa, akachukua jingine lililolegea, nalo hutandaa duara kwa misukumo michache.

Halafu kuna moto. Makaa ya sigiri hayana swichi. Yakikolea hayangoji amri, na yakififia hayatoi taarifa. Kwa hiyo fundi husoma bamba lake la chuma kwa sehemu. Katikati pana joto kali la kuanzia, pembeni pana joto la kumalizia, na ukingoni ni pa kuhifadhia zilizoiva. Moto ukizidi, hutawanya makaa au huyafunika kwa jivu, ukipungua, hupepea. Chapati hutua kwanza kwenye chuma kikavu. Malengelenge yakianza kuinuka hugeuzwa, hupakwa mafuta, hugandamizwa kwa mgongo wa kijiko huku ikizungushwa ili kila upande upite kwenye joto. Ikikaa mno hukauka na kukatika. Ikiwahishwa, katikati hubaki na ladha ya unga. Anayeuza chapati tupu anaweza kuficha kosa dogo kwenye rundo. Anayeuza rolex, yaani chapati iliyokunjwa na yai ndani, hawezi, maana ya kwake lazima ikunjike mbele ya macho ya mteja.

Rolex ilijipatia jina Kampala, hasa Wandegeya jirani na Chuo Kikuu cha Makerere, na mwaka 2016 ikaandaliwa tamasha lake jijini humo. Leo ni chakula cha Uganda nzima, na Kasese nayo ina mafundi wake. Mteja hutaja hesabu, mayai mawili kwa chapati moja, na kisu huanza kazi. Kitunguu, nyanya na kabichi hukatwa vikiwa mkononi, juu ya kikombe cha plastiki, vipande vyembamba vya kuiva pamoja na yai. Kipande kinene kingebaki kigumu na kulitoboa yai wakati wa kukunja. Mayai huvunjwa humo humo, hutiwa chumvi, hupigwa kwa nguvu, humiminwa kwenye mafuta moto na kutandazwa kwa upana wa chapati.

Hapa ndipo napenda kutazama kuliko popote. Chapati hulazwa juu ya yai kabla uso wa yai haujakauka. Ute ulio mbichi bado ndio gundi, na ukishaganda, yai na chapati vitaachana mkononi mwa mlaji. Wakati huohuo chapati ndiyo kifuniko: hushika mvuke, na yai huiva upande wa juu bila kuungua upande wa chini. Kile ambacho mashine hukifanya kwa vibao viwili vya umeme, fundi hukipata kwa chapati yenyewe. Hugeuza mara moja, hupanga nyanya mbichi, hukunja, hufunga kwa karatasi.

Upande wa sukari ni wa kabalagala, na ufundi wake unageuza kanuni zote za ngano. Unga wake ni wa muhogo, unaofahamika sana huku kwa sababu ndio unaosongwa obundu, ugali wa Wakonzo. Hautiwi maji. Maji na sukari vyote hutoka kwenye ndizi ndogo tamu zilizoiva mpaka ganda likaingia madoa meusi. Ndizi hupondwa hadi zilainike kabisa, ndipo unga huongezwa kidogo kidogo. Muhogo hauna zile nyuzi za ngano, hivyo kukanda sana hakuuongezei nguvu. Kinachotakiwa ni donge linaloshikana tu. Hutandazwa, hukatwa viduara kwa mdomo wa bilauri, na hukaangwa kwa mafuta yenye joto la wastani. Sukari ya ndizi huungua upesi: mafuta yakiwa makali, nje hukolea weusi na ndani hubaki kinata.

Kilomita chache kutoka Bwera ni mpaka wa Mpondwe na mto Lhubiriha, ng'ambo yake Kasindi. Wakonzo wa huku na Wanande wa Kongo husikilizana kwa lugha yao, na sokoni Kiswahili huwaunganisha na wengine wote. "Yaya, ongeza pilipili," atasema mteja aliyevuka asubuhi, na mpishi ataongeza bila kuinua macho kutoka kwenye bamba. Rolex huliwa papo hapo, maana ikipoa hulegea. Kabalagala hukaa vizuri kwenye mfuko wa msafiri.

Vyote viwili ni vya bei nafuu, na unafuu huo ndio unaomfanya fundi awe makini. Chapati moja iliyoungua hula faida ya nyingine zilizouzwa vizuri, na makaa yanayowaka bila kitu juu yake ni fedha inayoteketea. Ukitaka kumjua aliye bora, usiangalie wingi wa rundo lake. Mwombe akukunjie rolex, kisha tazama mkunjo wa nje: chapati isiwe na ufa, na yai lisiteleze.