Wetu ni wa Ngapi? Tahakiki ya Namna Tunavyoisoma Tour du Rwanda

Mbio za baiskeli zinapokuja Gisenyi kutoka Musanze, huingia mjini kwa mteremko. Barabara hupanda kwanza kupitia Mukamira na Bigogwe, juu ya mita 2,000, kisha hushuka hadi Ziwa Kivu, lililo kwenye mita 1,460 hivi. Waendeshaji hupita Mahoko wakiwa wameinama juu ya usukani. Sisi tuliosimama kando ya barabara tangu asubuhi tunawaona kwa muda usiotosha kumaliza chapati moja. Zinapita pikipiki, wanapita wachache waliotangulia, linapita kundi kubwa kama upepo wenye rangi, yanafuata magari ya timu yenye baiskeli juu ya paa. Kisha barabara inabaki tupu na watu wanageukiana na kuuliza swali moja: "Wetu ni wa ngapi?"

Nimelisikia swali hilo tangu nikiwa mtoto, na mimi mwenyewe nimeliuliza mara nyingi. Katika insha hii nataka kulihakiki. Nadai kwamba swali hilo, kwa jinsi tunavyolitumia, linatufanya tuisome vibaya Tour du Rwanda. Linatufanya tuwadhulumu waendeshaji wetu, na linatufanya sisi watazamaji tujione kuwa pambo tu la barabarani. Sizungumzi kama mtaalamu wa michezo. Nazungumza kama mwanafunzi wa fasihi ambaye pia ni shabiki, na vyombo vyangu ni vile tunavyofundishwa darasani: msuko, wahusika, mandhari, fanani na hadhira.

Nianze na msuko. Mbio za hatua nyingi ni masimulizi yanayogawanywa kwa siku. Kila siku ina mwanzo wake, vikwazo vyake na mshindi wake, lakini juu ya visa hivyo kuna kisa kikubwa kinachojengwa polepole, nacho ni muda wa jumla. Muda wa kila mwendeshaji hujumlishwa tangu hatua ya kwanza, na mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye avaaye jezi ya njano. Kwa hiyo aliyeshika nafasi ya kumi na mbili leo huenda ndiye aliyefanya kazi nzuri zaidi, iwapo alilinda pengo lake dhidi ya wapinzani. Mmarekani Greg LeMond alishinda Tour de France ya mwaka 1989 kwa tofauti ya sekunde 8 tu, baada ya wiki tatu za mashindano. Mwaka uliofuata alishinda tena bila kushinda hatua hata moja. Shabiki aliyekuwa akiuliza kila jioni "nani wa kwanza leo?" asingemwona LeMond kabisa mwaka 1990.

Sisi tumezoea mpira wa miguu. Katika mpira, dakika tisini zikiisha, habari imeisha, na mabao yanatosha kueleza nani kashinda. Tunapouchukua usomaji huo na kuupeleka kwenye mbio za siku nane, tunafanya kama mwanafunzi anayefungua ukurasa wa mwisho wa riwaya, akaona shujaa amekufa, kisha akaandika kwamba riwaya ni mbaya. Mwalimu hawezi kumpa alama. Lakini kwenye baiskeli tunajipa alama zote.

Tazama jinsi tunavyoisimulia historia yetu wenyewe. Tour du Rwanda ilianza mwaka 1988, na mwaka 2009 ikaingia katika kalenda ya Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli, UCI. Kuanzia 2014 hadi 2018 mshindi alikuwa Mnyarwanda kila mwaka: Valens Ndayisenga, Jean Bosco Nsengimana, Ndayisenga tena, Joseph Areruya, kisha Samuel Mugisha. Kuanzia 2019 hadi 2025 hakuna Mnyarwanda aliyeshinda. Kwa usomaji wa "wetu ni wa ngapi", hadithi ni fupi: tulikuwa wazuri, sasa tumeharibika. Nimelisikia neno hilo vijiweni, sokoni na hata bwenini.

Kinachoachwa ni tukio linaloubadilisha msuko wote. Mwaka 2019 mbio zilipandishwa daraja, kutoka 2.2 hadi 2.1, na zikahamishiwa mwanzoni mwa mwaka. Daraja hilo lilifungua mlango kwa timu za ngazi ya juu kabisa duniani. Mshindi wa mwaka huo, Merhawi Kudus wa Eritrea, alikuja na timu ya Astana, moja ya timu hizo. Yaani wahusika wapya wenye nguvu waliingia katikati ya hadithi. Vijana wetu hawakusimama, barabara ndiyo iliyopandishwa mbele yao. Tena katika mashindano hayo saba, Waeritrea walishinda manne: Kudus 2019, Natnael Tesfatsion 2020 na 2022, Henok Mulubrhan 2023. Kwa hiyo hata ile kauli ya kwamba wageni kutoka Ulaya wametufungia mlango haisimami vizuri. Majirani zetu wa Afrika walipita mlango huohuo.

Katika kipindi hichohicho tunachokiita cha kuanguka, Moise Mugisha alimaliza wa pili kwa jumla mwaka 2020, nyuma ya Tesfatsion peke yake. Mwaka 2022 alishinda hatua ya mwisho jijini Kigali. Niliwauliza wenzangu wanne wa darasani, wote Wanyarwanda na wote mashabiki, kama wanakumbuka nafasi ile ya pili. Mmoja alikumbuka. Wa pili wa hadithi hana jina kwetu.

Linganisha na tulivyomsoma Chris Froome. Alipokuja mwaka 2023, watu walijua kwamba amezaliwa Nairobi, kwamba ameshinda Tour de France mara nne, na kwamba alipata ajali mbaya mwaka 2019 iliyobadilisha maisha yake ya mashindano. Hakushinda hapa, lakini tulimpigia makofi, kwa sababu tulimsoma pamoja na safari yake. Mgeni tulimpa maisha, ila wa kwetu tukampa namba tu. Dhuluma ninayoizungumzia ni hiyo, na hakuna aliyetulazimisha kuitenda.

Jambo la pili ni wahusika. Mwaka mmoja nilisimama karibu na mzee mmoja wa Mbugangari, fundi baiskeli, redio ikiwa begani. Kundi lilipopita, akaniuliza, "Kijana wangu, wetu ni wa ngapi?" Nilikuwa nikifuatilia matokeo kwenye simu. Nikamjibu, "Mzee, hayumo katika kumi wa kwanza." Akazima redio, akasema, "Basi tumeshindwa."

Mnyonzi mmoja, kijana anayebeba abiria kwa baiskeli, alikuwa amesimama nyuma yetu, mguu mmoja chini. Akasema, "Hapana, mzee wangu. Hukumwona yule aliyekuwa mbele ya mwenzake, wamevaa jezi sawa? Amekuwa akimkatia upepo. Huyo hawezi kufika wa kwanza. Kazi yake ni kuchoka."

Sijasikia maelezo bora ya mchezo huu kutoka kwa mtangazaji yeyote. Mnyonzi anajua upepo kwa sababu anaupokea kifuani kila siku akiwa na abiria nyuma. Anajua kwamba anayefuata karibu na gurudumu la mwenzake huokoa nguvu nyingi, na kwamba nguvu hiyo kuna mtu ameilipia. Darasani tunawaita wahusika wasaidizi, na tunafundishwa kwamba bila wao mhusika mkuu hasogei. Tukifika barabarani tunawasahau. Tunamwita ameshindwa mtu aliyemaliza kazi yake kilomita thelathini kabla ya mwisho, akaachwa na kundi, akafika peke yake wakati sisi tumeshaanza kurudi nyumbani.

Jambo la tatu ni mandhari, na hapa naandika kwa uangalifu. Matangazo ya mbio yanapofika kwetu husema juu ya ziwa, fukwe na mji wa mapumziko. Ni kweli, ziwa ni zuri. Lakini tunafundishwa kwamba mandhari si picha ya ukutani. Ni mahali na wakati vinavyowabana wahusika na hadhira.

Mwishoni mwa Januari 2025 vita vilifika Goma, upande wa pili wa mpaka, mahali unapoweza kwenda kwa miguu kutoka soko letu. Makombora yalivuka hadi upande wetu na watu wakafa Rubavu. Haukupita mwezi mmoja kamili kabla ya Tour du Rwanda kuanza. Timu ya Soudal Quick-Step ya Ubelgiji ilijiondoa ikitaja usalama. Mbio ziliendelea, na Rubavu ikabaki katika ratiba. Watu walijitokeza kando ya barabara wakapiga makofi. Miongoni mwao walikuwamo waliolala sakafuni mwezi uliotangulia, na waliokuwa na dada, shangazi au wateja ng'ambo ambao simu zao zilikuwa hazipatikani. Mimi ni mmoja wao.

Katika matangazo niliyoyasikiliza siku ile sikusikia sentensi moja juu ya hadhira hiyo. Simdai mtangazaji wa baiskeli atoe hotuba ya siasa. Lakini katika fasihi simulizi tunajua kwamba fanani mzuri huitazama hadhira yake kabla ya kuanza. Msimulizi akiingia katika nyumba yenye msiba hubadilisha sauti, hata kama ngano ni ileile. Ingetosha kusema kwamba watu hawa wamepita mwezi mgumu, na wamekuja. Sentensi hiyo ingewaeleza wasikilizaji kwa nini makofi ya Gisenyi mwaka ule yalikuwa na uzito mwingine. Bila hiyo, tuligeuzwa kuwa sehemu ya mandhari, pamoja na ziwa.

Najua pingamizi litakalotolewa. Msomaji ataniambia: ndugu, michezo ni kushinda, na wewe unatafuta namna nzuri ya kuita kushindwa. Pingamizi hili lina nguvu, na silikwepi. Yapo mashindano ambayo swali la nani wa kwanza lina haki yake yote. Septemba 2025 Kigali ilipokea Mashindano ya Dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Mbio kuu ya wanaume ilikuwa ya siku moja, na Tadej Pogačar wa Slovenia alivuka mstari akiwa wa kwanza. Hapo namba ndiyo habari. Lakini hata katika mbio za hatua sisemi tuache kuhukumu. Nasema tuhukumu kwa ukali zaidi. Anayeuliza "wetu ni wa ngapi" hujibiwa namba, akanuna, akaenda nyumbani. Anayeuliza kazi ilifanywaje huweza kuendelea: mwendeshaji wetu alipoteza muda wapi, mlimani au kwenye mteremko? Alikuwa na mwenzake wa kumsaidia? Alishindana siku ngapi kabla ya Februari? Maswali haya yana wenyewe wa kuyajibu. Namba haimwulizi mtu yeyote chochote.

Mwisho, lugha. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na hapa Gisenyi kilikuwa lugha ya soko na ya mpaka kabla ya sheria yoyote. Lakini nilipojaribu kuandika hatua moja kwa Kiswahili, nilikwama. Kinyarwanda cha watangazaji kimejaa Kifaransa, na Kiswahili changu kilijaa mpira. Sikuwa na neno la mtu anayejitoa kwa ajili ya mwenzake mpaka nilipomkumbuka yule mnyonzi. Sasa namwita mkata upepo. Wanaotangulia nawaita waliochomoka, wanaowafuata kundi kuu, na muda ulio kati yao pengo. Sidai kwamba maneno haya ndiyo sahihi, na walimu wangu watayasahihisha. Nadai kwamba mtu asiye na neno la kazi fulani hataiona kazi hiyo ikipita mbele yake, hata akisimama barabarani tangu asubuhi.

Kwa hiyo nina pendekezo dogo kwa wenzangu. Mbio zikija tena, nendeni na daftari. Chagueni mwendeshaji mmoja ambaye si maarufu, mfuateni kwa hatua zote, na kila jioni andikeni mistari mitano kwa Kiswahili: alikuwa na nani, alimfanyia nani kazi, alipoteza au aliokoa muda gani. Siku ya mwisho mtakuwa na kisa kamili cha mtu mmoja. Mimi nitasimama Mahoko, mteremko unapoanza kuwa mkali, na nikimkuta yule mzee fundi nitamwomba anisaidie kuhesabu pengo. Akiniuliza wetu ni wa ngapi, nitamjibu, kwa kuwa ni mkubwa wangu na swali la mkubwa halipuuzwi. Kisha nitamsimulia yaliyobaki.